Somo: Mayai ya siki, kuanzia sokoni mpaka sahanini

Assalaam alaikum, na habari zenu wote. Leo tunaingia kwenye mayai ya siki: yai la kuchemsha, likamenywa, likalazwa kwenye siki yenye chumvi na viungo mpaka likakolea. Uingereza ni kitafunwa cha zamani cha vilabu vya pombe, chupa yake ikiwekwa kaunta. Pennsylvania kule Marekani wanayatia na bitiruti yakawa mekundu. Sisi hapa Tanga hatukuyazoea, lakini kila kinachohitajika tunacho. Mayai ya kuchemsha yanauzwa mitaani na kachumbari na pilipili, pilau bila achari haijakamilika, na mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga tunaletewa kutoka milima ya Amani, hapo juu ya Muheza.

Kabla ya hatua yoyote nawaomba mnisikilize kwa hili. Achari tulizokulia, ya ndimu na ya embe, huanikwa juani, zikawekwa kabatini, zikakaa miezi bila neno. Mayai hayakai hivyo. Mayai ya siki ni ya friji tangu saa ya kwanza mpaka yai la mwisho. Nitaeleza sababu kwa urefu, maana asiyeijua ataona natia chumvi.

Ndimu ni chachu yenyewe, ukiinyunyizia chumvi vijidudu havina pa kukaa. Yai ni kinyume chake. Ute wake uko upande wa magadi kabisa, na kiini nacho hakina uchachu wa kutegemea. Siki inapenya polepole, ute kwanza, kiini mwisho, na inachukua siku nyingi kufika katikati. Huko katikati hakuna hewa. Sasa kuna kijidudu kinaitwa Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake ziko kwenye udongo, na kwa hiyo zinaweza kuwa kwenye ganda la yai, kwenye kitunguu, kwenye bitiruti. Kuchemsha kwa sufuria ya kawaida hakuziui mbegu hizo. Zikipata mahali penye joto, pasipo hewa wala uchachu, zinaamka na kutoa sumu inayolegeza misuli ya mwili, hata ile ya kuvutia pumzi. Na chakula chenye sumu hiyo kinaweza kunukia vizuri na kuonekana safi kabisa.

Hili limeshatokea. Mwaka 1997, jimbo la Illinois, Marekani, mtu mmoja alimenya mayai yake, akayatoboa kwa vijiti vya kuchokolea meno, akayatia chupani pamoja na siki, bitiruti na pilipili. Chupa ikakaa chumbani, mara nyingine ikipigwa na jua. Siku saba baada ya kuyatengeneza akaugua, akaishia hospitalini. Alipona, lakini baada ya matibabu marefu. Mayai yale yalipopimwa, sumu nyingi ilikuwa kwenye kiini. Kutoboa kunafungulia mbegu njia ya kuingia ndani kabla siki haijafika. Chumba kikiwa cha Tanga mwezi wa pili, na joto hili mnalolijua, hatari ni kubwa zaidi. Basi: usitoboe yai, na usiliache nje.

Mahitaji

Mayai 12 ya wastani. Siki nyeupe ya dukani mililita 500, na hakikisha karatasi ya chupa imeandikwa asilimia 5. Maji mililita 200. Chumvi vijiko vidogo 3, sukari kijiko kikubwa 1. Pilipili manga nzima kijiko kidogo 1, mbegu za giligilani kijiko kidogo 1, karafuu 4, kijiti kimoja cha mdalasini, manjano nusu kijiko kidogo, kitunguu maji kimoja, punje 3 za kitunguu saumu, na pilipili kichaa kwa kadiri ya moyo wako. Chupa ya kioo ya lita moja na nusu yenye mdomo mpana. Mfuniko wa plastiki ni bora, kwa kuwa wa chuma huliwa na siki ukashika kutu.

Viungo cheza navyo upendavyo. Siki na maji usivicheze. Ukizidisha maji ili kupunguza ukali, umeondoa kinga yenyewe. Ukali unapunguzwa kwa sukari.

Hatua ya 1: Kuchagua mayai

Yai lililotagwa jana halimenyeki vizuri, ute unang'ang'ania ngozi ya ndani na unatoka na mabaka. Yai la wiki moja hivi ndilo zuri. Muuzaji hawezi kukwambia umri wa trei yake, kwa hiyo lipime kwenye maji: likilala chini kabisa ni jipya, likiinuka ncha moja huku limegusa chini ndilo letu, likielea juu litupe. Lenye ufa usilitumie, hata kama ufa ni mdogo.

Hatua ya 2: Kuchemsha

Panga mayai kwenye sufuria, maji ya baridi yayafunike kwa vidole viwili. Yakianza kuchemka, punguza moto yatokote taratibu kwa dakika 12. Tunataka kiini kigumu mpaka katikati. Yatie mara moja kwenye maji ya barafu, yapoe kabisa. Gonga pande zote, anzia kumenya upande mnene wenye kijipengo cha hewa, ukimenyea ndani ya maji ili vipande vya ganda vioshwe. Yai litakalochanika mpaka kiini kikaonekana lile siku hiyo hiyo, lisiingie chupani.

Hatua ya 3: Chupa

Wakati mayai yanapoa, osha chupa kwa sabuni, ichemshe kwenye maji dakika 10, iiname ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa cha jikoni.

Hatua ya 4: Siki ya viungo

Hapa wengi watakosea sufuria. Nyingi za kwetu ni za alumini, na siki huila alumini, ladha inakuwa ya chuma. Tumia ya stili au ya enameli isiyobanduka. Kaanga pilipili manga, giligilani, karafuu na mdalasini bila mafuta kwa dakika moja tu, mpaka jiko linukie. Mimina siki na maji, tia chumvi, sukari, manjano, kitunguu ulichokikata pete, kitunguu saumu na pilipili. Ikichemka, punguza moto, iache dakika 5 zaidi. Fungua dirisha, maana mvuke wa siki unakaba koo.

Wenye kupenda harufu ya pilau wataongeza binzari nyembamba. Mimi kwenye yai naona inafunika mdalasini, siitii.

Hatua ya 5: Kujaza

Panga mayai chupani bila kuyabana, siki lazima ipite kati yake. Mimina siki ikiwa moto, pamoja na viungo vyote, mayai yazame kabisa. Yai lililochomoza kichwa ndilo litakaloharibika. Funga, ikishapoa kidogo iingize friji, isipite saa mbili nje. Iweke ndani nyuma, siyo mlangoni, kwa sababu mlangoni joto linapanda kila mtoto anapofuata maji.

Hatua ya 6: Kungoja

Mayai madogo, kama ya kienyeji, wiki moja mpaka mbili. Ya wastani na makubwa ya kisasa wiki mbili mpaka nne. Ukikata ukakuta manjano yameingia ute wote na kiini kimekuwa kizito, chenye uchachu kidogo, tayari. Yale ndani ya miezi mitatu. Toa kwa kijiko safi na kikavu, usichovye mkono.

Kula

Lipasue mara nne, weka pembeni ya pilau pale ambapo ungeweka achari. Pamoja na mihogo ya kukaanga na chatne ya nazi ni chakula cha jioni kamili. Likatekate na vile vitunguu vya chupani, utie kwenye mkate wa boflo kwa chai ya asubuhi. Kwenye futari linafaa baada ya tende na uji, likiwa kidogo, si kwa kufungulia. Na kachumbari ya siku hiyo haihitaji ndimu: kijiko kimoja cha siki ile kinatosha.

Maswali yenu na majibu yangu

Shikamoo shangazi. Niko Makorora, umeme kwetu unakatika. Friji ikizimika usiku kucha nifanye nini na chupa yangu?

Marahaba mwanangu. Friji ikibaki imefungwa inatunza baridi kama saa nne. Ukiona kiza kinarefuka, tafuta barafu, weka chupa kwenye deli ukiizungushia. Kama ilikuwa usiku kucha bila barafu, ukafungua ukakuta chupa ina joto la chumba, tupa. Najua trei ya mayai ni fedha. Kama umeme wenu haukai, tengeneza mayai sita kwa mara moja, uyale yakikolea.

Dada, siki ya duka sina, ila bibi anatengeneza siki ya nazi nzuri sana. Na je, ndimu?

Siki ya bibi itumie kwenye mchuzi wa samaki na kachumbari, itang'ara. Kwenye mayai hapana, kwa kuwa hatujui nguvu yake. Leo inaweza kuwa asilimia 5, kesho 3, na ulimi hautambui tofauti. Ndimu vivyo hivyo, kila mti na maji yake.

Samahani, swali la dini. Umesema ni chakula cha vilabuni. Siki haina shida?

Siki ni halali, na Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo kizuri. Soma karatasi tu, nunua siki nyeupe ya kawaida. Zipo za nje zilizotengenezwa kwa mvinyo na zimeandikwa hivyo. Anayezionea shaka aziache, hazihitajiki hapa.

Mwalimu, kitunguu saumu changu kimegeuka kijani, kama buluu. Nimwage?

Usimwage. Kitunguu saumu kikikutana na uchachu hubadilika rangi hivyo, hakina madhara. Na ile duara ya kijani kwenye kiini, ambayo wengine wataiuliza, inatokana na kuchemsha kupita kiasi: chuma cha kiini na salfa ya ute vimekutana. Inaliwa. Cha kumwaga ni chupa yenye povu, mfuniko uliovimba, utelezi juu ya mayai au harufu isiyoeleweka. Usionje kwanza. Ila usije ukageuza maneno yangu: kukosekana kwa dalili hizo hakuifanyi chupa iliyokaa nje kuwa salama.

Lazima kumenya? Shuleni tulitia yai zima kwenye siki, ganda likayeyuka lenyewe.

Lile lilikuwa somo la kemia, na lilikuwa yai bichi. Siki inakula chokaa ya ganda, unaona mapovu, linabaki yai bichi ndani ya ngozi laini. Si chakula. Na hata likichemshwa, ganda linaitumia siki kwa kazi yake lenyewe, uchachu unapungua. Menya.

Mimi nafuga kware hapa Pongwe. Yanafaa?

Yanafaa sana, ningekuwa na kware nisingetumia mengine. Chemsha dakika 4 mpaka 5, menya kwa upole, na kwa udogo wake wiki moja yamekolea. Friji ni ile ile.

Nina vidonda vya tumbo na mume wangu ana presha. Tule?

Wewe mama, siki itakuchokoza tumbo, kula yai la kuchemsha tupu. Kwa mzee, chumvi ya mayai haya ni nyingi; muulizeni daktari wake anayemjua.

Dalili za hiyo sumu ni zipi, ili tujue?

Kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha mikono na miguu kuishiwa nguvu. Mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa inaweza kuchelewa siku kadhaa. Usingoje kuche, mpeleke mgonjwa hospitali ya Bombo au nyingine iliyo karibu, na sema wazi alikula nini. Dawa ya kuzuia sumu hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema.

Siki ya chupa iliyokwisha naweza kutia mayai mengine?

Hapana. Mayai ya kwanza yameshanyonya uchachu wake. Itie kwenye mchuzi wa kupika siku hiyo, kisha chemsha siki mpya.

Shikamoo. Mimi kijana wa Ngamiani, nauza mayai ya kuchemsha jioni. Nataka kuongeza haya, chupa niiweke mezani watu waione.

Marahaba baba. Wazo ni zuri, meza ndiyo mbaya. Chupa kubwa ibaki nyumbani kwenye friji. Chukua mayai ya kuuza jioni ile tu, yawe kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya deli la barafu, utoe moja moja mteja akiomba. Barafu ikiyeyuka, biashara ya mayai hayo imekwisha siku hiyo, na yaliyobaki yasirudi kwenye chupa. Ukitaka kufika mbali, kuuza chupa zilizofungwa zenye jina lako, anzia SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, upate mafunzo, kisha TBS, Shirika la Viwango, ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Usiuze chupa ya kukaa rafuni kwa kutumia somo hili, kwa sababu hili ni la friji ya nyumbani. Anza na mayai 12, wape wateja wako wa kila siku robo robo waonje, uone watakaorudi kuuliza.