Tembea kwanza, ndipo uchore

Kwa sisi wakimbiaji wa ridhaa tuliovuka miaka 50 na tunaobeba kijitabu cha kuchorea: ukimaliza kukimbia, usikae chini kuchora papo hapo. Tembea dakika 5 hadi 10 huku ukitafuta cha kuchora, kisha uchore mchoro wa kwanza ukiwa umesimama, ukiinua visigino mara kwa mara. Tunapokimbia, mishipa ya damu miguuni hutanuka. Ukiacha kukimbia ghafla damu hutuama huko, kichwa kinazunguka, na mwili wenye umri huchelewa kurekebisha presha. Vigimbi vikijikunja ndivyo vinavyoisukuma damu irudi moyoni. Faida ya pili, ninayoipenda zaidi, ni ya mkono: mapigo ya moyo yakishashuka mstari hautetemeki, tena macho yamekwisha kuchagua umbo njiani, kwa hiyo huanzi kwa kuukodolea macho ukurasa mtupu. Tumia penseli, maana jasho la kiganja huchafua wino, na weka kipande cha karatasi chini ya mkono.

Haifai kukiwa na baridi au upepo na nguo zimelowa jasho. Hapo badili nguo kwanza, au chora nyumbani kwa kumbukumbu. Na kichwa kikizunguka hata baada ya kutembea, achana na mchoro: lala chini, inua miguu. Ikijirudia, hasa kama unatumia dawa za presha, mwone daktari kabla ya mazoezi mengine.