Kabla Hujang'oa Kapeti la Boti

Vua viatu, panda botini, tembea polepole kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Unyayo ukizama kidogo mahali, jua plaiwudi iliyo chini ya kapeti imeoza, na pesa uliyotenga ya kapeti imeshageuka pesa ya sakafu. Gonga kwa mpini wa nyundo: mbao nzima inalia, iliyooza inajibu kibubububu. Kisha chukua bisibisi uchokonoe kandokando ya skrubu za viti, maana maji hupenda kuingilia hapo. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii. Nikabandika kapeti la kijani, kila aliyepita ufukweni Mikindani akalisifu, na kabla mwaka haujaisha mguu wa kiti ukatumbukia ngamani, kule chini kabisa ya boti, na abiria kakikalia.

Mchawi ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka huiacha ndani ya nyuzi, nayo huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana kapeti lililoanikwa jua la mchana kutwa usiku huwa chepechepe tena, na plaiwudi chini yake haipati hata siku moja ya kupumua. Ukikuta imeoza, muite fundi faiba kwanza. Kapeti lisubiri.

Halafu kuna suala la wakati. Mvua zetu za kusini huanza mwishoni mwa mwaka zikaishia Aprili au Mei, hivyo kazi hii ni ya kipupwe. Ila kipupwe kina kusi, upepo utokao kusini, na kusi hubeba mchanga. Gundi mbichi ikishapata mchanga, umekwisha. Funga turubai upande wa upepo. Boti ipandishe pwani siku ya bamvua, bahari inapopanda juu kuliko siku nyingine, maji yakijaa kabisa. Maji mafu yatakayofuata, yasiyopanda sana, hayataifikia, nawe una kama wiki mbili mpaka bamvua nyingine.

Kapeti la sebuleni lenye mgongo wa sponji au katani usilitazame mara mbili, hata likiwa la bei ya kutupa. Tafuta la nyuzi za plastiki. Omba kipande cha mfano, kiloweshe, kitundike. Kikichuruzika na kukauka kabla ya jioni, kinafaa. Kipande hichohicho kiweke chini ya vifuniko vya sakafu uone kama vitafunga, kwa sababu kapeti nene hukwamisha vifuniko. Mjini Mtwara ukilikosa, agiza Dar es Salaam, lakini lifike kwanza ndipo ung'oe la zamani.

La zamani ling'oe kwa adabu, maana ndilo kielelezo chako cha kukatia. Kila kipande kiandike upande wa juu na upande wa omo. Ukikigeuza bila kujua, utakata kipande cha kulia kikae kushoto. Acha vidole viwili vya ziada kila ukingo. Pitisha kiganja uone nyuzi zinalalia wapi, vipande vyote vilalie upande mmoja, la sivyo sakafu itaonekana kama ina viraka.

Mabaki ya gundi ni skrepa na subira. Wengine huyasugua kwa petroli; naomba usifanye hivyo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hujikusanya ngamani ukingoja cheche moja tu. Tina, ile ya kuzimulia rangi, nayo inashika moto. Toa tangi la mafuta, chomoa nyaya za betri, fungua kizibo cha kutolea maji, na mvuta sigara akae mbali.

Gundi yenyewe iwe isiyoogopa maji, ya kupaka pande mbili, jamaa ya ile ya mafundi viatu. Umande ukikauka, anza. Jua la utosini likifika, acha, maana itakauka kabla hujaweka kipande sawasawa.

Tezi, panapomwagwa samaki na kutupwa nanga, siweki kapeti tena. Napaka rangi niliyochanganya na mchanga wa mto uliooshwa ukakauka. Mguu hautelezi, na jioni ndoo mbili za maji yasiyo ya chumvi zinatosha kuosha.