Somo: Kuchagua kitabu cha mwongozo wa kujaza risasi nyumbani

Kujaza risasi ni kutia fataki (kiwashio), baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kutumika. Kitabu cha vipimo vya kazi hiyo hununuliwa kabla ya mashine ya kujazia. Na kabla ya vyote viwili, hakikisha sheria ya unakoishi inakuruhusu.

Hatua ya 1: Anza na kichwa cha risasi unachotumia. Watengenezaji kama Hornady, Sierra na Speer hutoa vitabu vilivyopimwa kwa vichwa vyao wenyewe. Uzito kulingana hautoshi. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko chenye kiini cha madini ya risasi cha uzito uleule; kikila nafasi ndani ya ganda, presha inapanda. Anayesubu vichwa mwenyewe atafaidika zaidi na kitabu cha Lyman.

Hatua ya 2: Fungua ukurasa wa kaliba yako (aina ya risasi ya bunduki yako) palepale dukani. Uone kiwango cha baruti cha kuanzia na cha juu kabisa, urefu wa risasi iliyokamilika, aina ya ganda na fataki, na urefu wa mtutu uliotumika kupimia. Kikikosa hivyo, kirudishe rafuni.

Hatua ya 3: Baruti iandikwe kwa jina kamili. Hapa ndipo wengi huteleza. H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti, namba isikudanganye. H110 na Winchester 296, kinyume chake, ni baruti moja yenye lebo mbili.

Hatua ya 4: Chukua toleo jipya. Zamani presha ilipimwa kwa kuangalia kipande cha shaba kilivyobonyea. Siku hizi vinatumika vihisio vya umeme, na namba za njia hizo mbili hazibadilishani. Kitabu cha kurithi kisome kwa maelezo yake (mara nyingi ni matamu kuliko ya sasa), vipimo viache humo humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, vitabu vyangu viwili vinapishana kwa kaliba na baruti ileile. Kipi kimekosea?
Huenda hakuna. Mtutu, ganda, fataki, hata toleo la baruti kiwandani vilitofautiana. Anza na kiwango cha chini kati ya hivyo viwili, upande kidogo kidogo.

Je, nikishuka chini ya kiwango cha kuanzia si ndiyo salama zaidi?
Hapana, ndugu. H110 ikipunguzwa sana inaweza isiwake sawasawa, kichwa kikabaki ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ndiyo itakayopasua bunduki.

Vipimo vya watu mtandaoni vinafaa?
Vya mtengenezaji wa baruti, ndiyo. Hodgdon huvitoa bure. Vya mtu binafsi vilinganishe kwanza na kitabu, maana tarakimu moja ikikosewa ni hatari.

Mizani yangu inasoma namba ndogo mno kuliko kitabu, ni mbovu?
Angalia kipimo. Kitabu kinaandika greni, na gramu 1 ni kama greni 15.4. Mizani nyingi za kidijitali zina kitufe cha kubadilisha. Kitazame kila unapoiwasha.