Ari, mazoezi na alama: modeli ya upatanishi ya ngazi nyingi kwa brms

Una wanafunzi waliomo ndani ya shule, na swali: je, mazoezi ya nyumbani hupandisha alama kwa kuwa humwongezea mwanafunzi ari? Hii ndiyo modeli ya upatanishi: ari inasimama katikati ya mazoezi na alama. Njia ni mbili: a, kutoka mazoezi hadi ari, b, kutoka ari hadi alama. Njia hizi hazina nguvu ileile kila shule, na hapo ndipo ninapoipenda brms, kifurushi cha R (lugha ya programu ya takwimu) alichokiandika Paul-Christian Bürkner juu ya Stan, programu ya kukadiria modeli za Bayes.

Hatua ya 1. Tafuta wastani wa kila shule (mazoeziS, ariS), kisha uutoe kwenye thamani ya kila mwanafunzi upate tofauti yake na wastani wa shule yake (mazoeziN, ariN). Ukiiruka hatua hii, tofauti za shule na tofauti za wanafunzi wa shule moja zitachanganyika.

Hatua ya 2. Andika milinganyo:

f1 <- bf(ari ~ mazoeziN + mazoeziS + (1 + mazoeziN |s| shule))
f2 <- bf(alama ~ mazoeziN + mazoeziS + ariN + ariS + (1 + mazoeziN + ariN |s| shule))

Itazame vizuri hiyo s. Ndiyo inayoiagiza programu ikadirie jinsi a na b zinavyokwenda pamoja shule kwa shule. Bila hiyo, milinganyo miwili haijuani.

Hatua ya 3. Endesha (d ni jedwali la data yako):

m <- brm(f1 + f2 + set_rescor(FALSE), data = d)

Rhat, kipimo cha kama minyororo ya sampuli imekubaliana, isizidi 1.01. Stan ikionya kuhusu mipito iliyopotoka (divergent transitions, dalili kwamba sampuli huenda si za kuaminika), ongeza control = list(adapt_delta = 0.99).

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea: nilizidisha wastani wa a kwa wastani wa b nikaishia hapo. Lazima ujumlishe na kovariansi ya a na b, yaani kipimo cha jinsi zinavyobadilika pamoja shule kwa shule. Jibu, ab, ndiyo athari ya mazoezi kwa alama inayopitia ari.

p <- as_draws_df(m)
kov <- p$cor_shule__ari_mazoeziN__alama_ariN * p$sd_shule__ari_mazoeziN * p$sd_shule__alama_ariN
ab <- p$b_ari_mazoeziN * p$b_alama_ariN + kov
quantile(ab, c(.025, .5, .975))

Tuseme a ni 0.5 na b ni 0.4, zao lake ni 0.20. Mikengeuko sanifu ya a na b kati ya shule ikiwa 0.3 kila mmoja na uhusiano wa a na b −0.6, kovariansi ni −0.054, na athari halisi inashuka hadi 0.146. Maana ya uhusiano huo hasi ni kwamba shule ambako mazoezi huamsha ari sana ndizo ambako ari huleta alama kidogo. Kulificha hilo ni kumpotosha mwalimu anayesubiri jibu.

Shule zikiwa chache, uhusiano huo utakuwa na masafa mapana sana. Usiuondoe kwenye modeli ili jibu lipendeze. Yaripoti masafa yote ya asilimia 95 kama yalivyo.