Mwaridi mwitu: tunda livunwe likiwa gumu

Ukipanda milima ya Taurus nchini Uturuki, au Atlas kule Moroko, kandokando ya mashamba utakuta kichaka chenye miba iliyopinda kama makucha ya paka. Huo ni mwaridi mwitu, kwa jina la kitaalamu Rosa canina. Ua lake lina petali tano tu, za waridi hafifu au nyeupe, na halikawii kupukutika. Mkulima aangalie tunda: jekundu, limerefuka kidogo, linatosha ncha ya kidole. Waturuki huliita kuşburnu, yaani pua ya ndege, nao hulipikia jamu na kulinywa kama chai. Vitamini C yake inalipita chungwa mara nyingi. Uingereza ilipokosa machungwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watoto walitumwa vichakani kuchuma matunda ya mwaridi mwitu yakapikwe shira.

Chuma tunda likiwa limeiva rangi yote lakini bado gumu ukilibonyeza. Ukingoja sakitu ilipige litalainika na kuwa tamu, ila vitamini hupungua na kulikausha kunakuwa kazi.

Sasa lipasue moja kwa kisu. Ndani utaona mbegu ngumu zimebanana, na katikati yake vinyweleo vyeupe, vifupi, vikavu. Hivyo vinawasha kama upupu, ngozini na kooni pia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu bidhaa yao. Vaa glavu, kwangua mbegu na vinyweleo kwa kijiko kidogo, kisha suuza. Kama unakausha kwa ajili ya chai, katakata, anika kivulini penye upepo, halafu pitisha kwenye chekeche mpaka vumbi la vinyweleo liishe. Shira ichujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Usitumie sufuria ya shaba, maana shaba huiharibu vitamini C upesi.

Kupogoa nako kuna kosa moja kubwa: kufyeka kichaka chote. Maua hutoka kwenye vitawi vya matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ukikata yote umekata mavuno. Baada ya kuvuna, ondoa matawi machache yaliyozeeka, ukiyakatia chini kabisa, na uyaache machanga.

Mbegu zinahitaji subira. Zichanganye na mchanga wenye unyevu, zikae mahali pa joto miezi 2 hadi 3, kisha kwenye friji, bila kugandishwa, miezi 3 au 4. Hata hivyo nyingine huchipua mwaka wa pili, hivyo usiwahi kumwaga mchanga wako. Njia ya haraka ni kung'oa machipukizi yanayotoka mizizini na kuyapanda mbalimbali, mita 2 hadi 3.

Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaotamani kuuleta nyanda za juu: nchini Australia mmea huu umegeuka gugu sugu, kwa kuwa ndege hula tunda na kusambaza mbegu. Usiingize mbegu nchini kwa kuzificha mfukoni. Nenda kwanza KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, ukiwa Kenya, au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ukiwa Tanzania, uombe kibali. Wa pwani wasihangaike. Bila baridi mbegu haziamki.