Namna ya Kuandaa Mdahalo wa Wanafunzi Kuhusu Mkataba wa Waitangi

Mwalimu wa Mwanza anayetaka wanafunzi wake waelewe kwa nini mkataba wa mwaka 1840 bado unatikisa siasa za New Zealand asianze na Bunge la leo, bali aanze na maneno mawili, kwa sababu ndiyo yaliyozaa mgogoro.

Mkataba huo ulianza kutiwa saini tarehe 6 Februari 1840 kati ya mwakilishi wa Malkia wa Uingereza na machifu wa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Machifu zaidi ya 500 walisaini nakala ya Kimaori. Wapatao 40 tu walisaini ya Kiingereza. Ya Kiingereza inasema walikabidhi mamlaka yote ya dola. Ya Kimaori, iliyotafsiriwa usiku mmoja na mmisionari Henry Williams akisaidiwa na mwanawe, inasema walitoa kawanatanga, neno lililotokana na «gavana», huku wakibaki na tino rangatiratanga, yaani uchifu wao kamili juu ya ardhi, vijiji na vitu vyao vya thamani.

Andika ubaoni «ugavana» na «utemi», yaani uchifu wa jadi wa Wasukuma, kisha uliza: ntemi aliyeambiwa kwamba gavana anakuja lakini utemi wake unabaki, angeelewa kwamba amekabidhi nini? Ikiwezekana, wapeleke kwanza Makumbusho ya Bujora, Kisesa, wakaone ngoma na viti vya watemi, kwani anayedhani utemi ni cheo tu hataona uzito wa swali. Waonye pia kwamba mlinganisho huu una mpaka: hapa kwetu mamlaka ya kisheria ya watemi yalifutwa mwaka 1963 na serikali ya wananchi wenyewe, ilhali Wamaori wamekuwa wachache katika nchi ya mababu zao.

Eleza kwa ufupi kwamba mahakamani mkataba kwa kawaida hupata nguvu pale Bunge linapouingiza katika sheria. Baraza la Waitangi, lililoundwa mwaka 1975 na kuruhusiwa mwaka 1985 kuchunguza malalamiko ya Wamaori dhidi ya serikali tangu 1840, kwa sehemu kubwa hutoa mapendekezo tu; hata hivyo, kazi yake imesaidia kuzaa suluhu zenye fidia na kuombwa radhi, kama ile ya kabila la Ngāi Tahu ya mwaka 1998, yenye thamani ya dola milioni 170 za nchi hiyo.

Mada yenyewe iwe muswada wa David Seymour, kiongozi wa chama cha ACT cha New Zealand, wa mwaka 2024, uliotaka Bunge lifafanue kwa sheria kanuni za mkataba, yaani misingi inayotokana nao, ukisisitiza haki sawa kwa raia wote. Wape upande wa kuutetea wasemaji wako hodari, maana hoja ya usawa wa raia wote mbele ya sheria inastahili kusikika vizuri. Mimi naona hoja ya wapinzani ina nguvu zaidi, kwamba upande mmoja hauwezi kujifafanulia peke yake makubaliano ya wawili. Lakini mwalimu aufiche msimamo wake mpaka kura zipigwe. Hapo ndipo awaambie kwamba Novemba 2024 maandamano ya watu wapatao 42,000 yalifika bungeni Wellington, na kwamba tarehe 10 Aprili 2025 muswada ulikataliwa kwa kura 112 dhidi ya 11.

Tenga dakika kumi za mwisho kwa waliobadili msimamo, kila mmoja ataje ni neno gani la mkataba lililombadilisha.