Jinsi ya kufunga kula bila kuteseka: elewa kwanza mwili unabadilishaje chanzo cha nguvu

Wengi tukitaka kufunga tunapanga saa tu, alafu katikati kichwa kinaanza kugonga, mikono inatetemeka, mtu anasema basi mimi mwili wangu hauwezi. Mara nyingi unaweza, ila umeurukisha hatua.

Iko hivi. Ukila, sukari ya damu inapanda na kongosho linatoa insulini, na hiyo insulini haishushi sukari tu, inaamuru mwili mzima uweke akiba. Ini linajaza glikojeni (sukari iliyohifadhiwa) kama gramu 100, misuli inaweka yake inaweza kufika gramu 400, ziada inaenda kwenye mafuta, na insulini ikiwa bado juu hayo mafuta hayatoki kirahisi. Sasa misuli ndo ina akiba kubwa lakini ni michoyo, haina kimeng'enya cha kurudisha glukozi (sukari ya damu) kwenye damu, inatumia yenyewe. Kwahiyo ukiwa umelala, ubongo wako ambao unatumia karibu gramu 120 za glukozi kwa siku unalishwa na ini peke yake kwa sehemu kubwa.

Saa chache baada ya kula insulini inashuka, glukagoni (homoni inayofanya kinyume cha insulini) inapanda, ini linaanza kutoa akiba. Yakifika masaa 12 mpaka 24 bila kula hiyo akiba imepungua sana, kwahiyo ini linazidi kutengeneza glukozi mpya kutoka kwenye laktiki (inatoka hasa kwenye misuli), gliseroli (ya mafuta) na amino asidi (za protini), huku mafuta yanavunjwa na sehemu yake inageuzwa ketoni, yaani nishati mbadala ya mwili. Anayekwambia ukifunga siku moja ubongo unaendeshwa na ketoni tupu usimsikilize, hali ya ketoni kubeba sehemu kubwa ya mahitaji ya ubongo inakuja baada ya siku nyingi bila kula.

Kabla ya yote: kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, una mimba, unanyonyesha, una historia ya matatizo ya ulaji, au ni mtoto, usianze mwenyewe, ongea na daktari kwanza maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa. Na mwenye kisukari akipima sukari akakuta chini ya 3.9 mmol/L anafungua hapo hapo, anakula kitu chenye sukari, hakuna kujikaza.

Kwa wengine anza na saa 12 ambazo usingizi upo ndani yake, yaani ule jioni mapema alafu usile mpaka asubuhi. Ukizoea ongeza saa moja, kaa nayo siku kadhaa, ongeza tena. Mlo wa mwisho usiwe sukari na wanga mweupe mtupu, huo unapandisha insulini kwa kasi na njaa inawahi kurudi, weka protini, mboga na nyuzinyuzi za kutosha.

Maji watu wanakumbuka, chumvi wanasahau. Insulini ikishuka figo zinaachia sodiamu (iliyo ndani ya chumvi) kwenye mkojo na maji yanaifuata, ndo maana siku za mwanzo unakojoa sana na ukisimama ghafla unaona kizunguzungu. Kunywa maji mengi matupu hakurudishi sodiamu, kwahiyo mlo wako usikose chumvi kabisa (mwenye presha au ugonjwa wa figo afuate alivyoambiwa na daktari wake). Na mzani ukikuonyesha kilo mbili zimeondoka haraka usishangilie sana, kila gramu ya glikojeni inakaa na karibu gramu 3 za maji, kwahiyo sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji na yatarudi ukila.

Njaa nayo haipandi tu moja kwa moja, inakuja kwa mawimbi hasa saa ulizozoea kula, kwa sababu homoni ya njaa, grelini, imezoea ratiba yako. Subiri kidogo, tembea, mara nyingi inapita. Ila ukitoka jasho la baridi, ukachanganyikiwa au moyo ukaenda mbio, hiyo sio njaa ya kusubiri, kula.

Kufungua ndo sehemu naona inaharibiwa zaidi. Mwili uliokuwa unachoma mafuta unakuwa mzito kidogo kupokea sukari kwa muda, ukimimina soda na wanga kwa wingi sukari inapanda juu kuliko kawaida, alafu unasinzia. Anza na kiasi kidogo chenye protini na mboga, tulia, wanga ufuate baadaye, na ukitembea dakika 10 hivi baada ya kula misuli inayofanya kazi inavuta glukozi hata bila kutegemea insulini.

Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, au aliyekonda sana, asifungulie nyumbani. Chakula kikirudi kwa kasi insulini inasukuma madini kama fosfeti, potasiamu na magneziamu ziingie kwenye seli, kwenye damu zinapungua ghafla na moyo unaweza kukosa mpangilio. Huyo analishwa hospitali, kidogo kidogo, huku damu inapimwa.